Mpishi wa jeshi au mkandarasi?

Ukikaa na wanajeshi wastaafu hapa Nakuru, wa kambi za Lanet au Gilgil, mazungumzo hayakosi kufika kwenye chakula. Apike askari mwenyewe, au tenda apewe mkandarasi?

Kambini, sioni ubaya wa mkandarasi. Askari haondolewi mazoezini kwenda kumenya viazi, na wauza mboga wa mjini wanapata soko (tenda isipoliwa na wakubwa, bila shaka).

Vitani mambo hugeuka. Nchini Iraki baada ya 2003, jeshi la Marekani liliiachia kampuni ya kiraia ya KBR mabwalo yake mengi ya chakula, na wapishi wengi wenye sare wakapangiwa kazi nyingine kama ulinzi. Aprili 2004 misafara ya malori ya KBR iliposhambuliwa, kampuni ilisimamisha safari kwa muda. Raia ana haki ya kukataa, askari huamriwa. Tena kulisha kikosi porini kwa jiko la kuvutwa na lori, maji ya kupimiwa na usafi wa kuzuia kuhara ni ujuzi wa mikono. Usipotumika, unapotea.

Mimi ningempa mkandarasi bwalo la makao makuu tu. Kikosi kinachoweza kutumwa nje kijipikie, hata ugali wa kwanza ukitoka na mabonge.