Ligi Kuu Bara 2024/25: Msimu Uliolala Kiporo

Watazamaji wangu, wakubwa shikamooni, vijana mambo vipi. Mmenizoea nikifungua maboksi hapa mezani, leo king'amuzi, kesho redio ya sola, keshokutwa simu. Leo sina boksi. Nina daftari, hili hapa, limechakaa kidogo pembeni kwa sababu nimelibeba mfukoni kuanzia Agosti mpaka Juni. Humu ndani nimeandika matokeo ya Ligi Kuu Tanzania Bara msimu wa 2024/25 kwa mkono wangu.

Kwa nini nilete ligi kwenye chaneli ya bidhaa? Kwa sababu tunailipia. Unalipa kifurushi, unalipa kiingilio, unalipa nauli ya kwenda uwanjani na ya kurudi. Kitu unachokilipia kila wiki kwa miezi kumi lazima kipimwe kama ninavyopima betri ya simu.

Niwaambie mapema nimekaa upande gani. Mimi ni mtu wa Bukoba na timu yangu ni Kagera Sugar. Mwenye kujua kilichotupata msimu huu ameshanielewa, nitafika huko.

Tuanze na mpira wenyewe, na hapa sina maneno ya kubana. Ulikuwa mpira. Yanga walicheza mechi 30, wakashinda 27, sare moja, wakafungwa mbili. Pointi 82, ubingwa wa nne mfululizo. Simba nao 30, wakashinda 25, sare tatu, wakafungwa mbili. Pointi 78. Sasa sikilizeni vizuri: mechi mbili walizofungwa Simba kwenye ligi nzima, zote ni za Yanga. Ukiondoa Yanga, hakuna aliyewafunga. Si Azam, si Singida Black Stars, si mtu yeyote mikoani. Msimu wa nyuma yake Simba walimaliza na pointi 69, nafasi ya tatu. Wakaja na kocha mpya, Fadlu Davids, wakaja na sura mpya kikosini, wakaongeza pointi tisa, na bado kombe likapita mlango wa jirani.

Dabi ya kwanza ya Yanga na Simba, tarehe 19 Oktoba 2024, iliamuliwa na bao la kujifunga la Kelvin Kijili, beki wa Simba. Moja bila. Nikawaza siku ile kwamba beki akijifunga Oktoba, watu wanasahau kufikia Krismasi, maana mechi bado nyingi. Msimu huu haikuwa hivyo. Timu mbili zikishinda karibu kila kitu, kila pointi uliyoiacha inakuja kukudai mwishoni.

Halafu ikaja Novemba. Ukurasa huu nimeukunja pembe ili niupate haraka. Hadi hapo Yanga walikuwa hawajaruhusu hata bao moja kwenye ligi. Novemba 2, pale Chamazi, beki wao Ibrahim Bacca anatolewa kwa kadi nyekundu mapema kipindi cha kwanza, na Gibril Sillah anawafungia Azam bao pekee la mechi. Siku tano baadaye, Tabora United wanawapiga Yanga 3-1. Tabora United! Nilikuwa kwa fundi cherehani nikisubiri suruali, redio ipo dirishani, na yule fundi akaacha kukanyaga mashine kabisa. Akaniuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Kabla mwezi haujaisha Miguel Gamondi, kocha aliyewapa ubingwa uliopita, hayupo. Akaja Sead Ramovic, naye Februari akaondoka kwenda Algeria. Akaja Miloud Hamdi. Makocha watatu ndani ya msimu mmoja, na baada ya zile wiki za Novemba Yanga hawakufungwa tena kwenye ligi. Pointi pekee walizoziacha zilibaki kwa JKT Tanzania, sare ya bila kufungana. Hiyo ni kazi ya wachezaji, na ninawavulia kofia hata kama si timu yangu.

Kwa wanaopenda wafungaji: Jean Charles Ahoua wa Simba alimaliza juu na mabao 16. Nyuma yake Clement Mzize wa Yanga, 14, kijana wa hapahapa nyumbani, na hilo linanifurahisha kuliko namba yenyewe. Jonathan Sowah alitua Singida Black Stars dirisha dogo tu, usajili wa katikati ya msimu, na nusu msimu ikamtosha kuingia kwenye orodha ya wakubwa.

Sasa nakuja kwenye kasoro. Kasoro ya bidhaa hii ni ratiba.

Nyote mnajua kiporo. Wali uliobaki jana, unaupasha asubuhi, unakula na chai, hakuna shida. Kwenye mpira wetu mechi iliyoahirishwa tunaiita kiporo, na viporo vingine haviepukiki. Simba msimu huu walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Waliwatoa Al Masry kwa penalti pale kwa Mkapa, uwanja mkubwa wa Dar, wakawatoa Stellenbosch, wakaenda kupoteza kwa RS Berkane, 2-0 kule Morocco na 1-1 Zanzibar tarehe 25 Mei. Timu ikisafiri hivyo lazima mechi za nyumbani zisogezwe. Hakuna anayelalamika.

Na kuna kiporo cha Dodoma Jiji, ambacho nataka nikiseme kwa heshima. Februari 10 walikuwa wanatoka Ruangwa kucheza na Namungo, basi lao likapata ajali Nangurukuru, mkoani Lindi. Wachezaji wakaumia. Mechi zao zilizofuata zikasogezwa, na ilikuwa sawa kabisa. Watu wa Dar hawaihisi sana nchi hii ilivyo kubwa. Msimu huu ligi yetu ilikuwa na timu Bukoba, ilikuwa na timu Ruangwa, ilikuwa na timu Mbeya, Mwanza, Babati. Timu ndogo inakwenda kwa basi. Vijana wanalala wamekaa, wanashuka asubuhi miguu imevimba, kesho yake wanakabana na mchezaji aliyekuja kwa ndege. Ukimwona beki wa timu ya mkoani anachoka dakika ya 70, usiharakishe kumtukana.

Lakini tarehe 8 Machi 2025 ni jambo lingine.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, dabi ya pili ilikuwa ichezwe usiku, watu wakishafuturu. Nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja hapa kwetu, banda la kuonyeshea mpira kwa kiingilio, nimekwenda mapema kumsaidia mzee mwenye kibanda kupanga mabenchi. Alikuwa ameazima mabenchi manane kanisani. Ameandika kwa chaki mlangoni: DABI, BUKU. Mama mmoja amekuja kupima pa kuweka jiko lake la mihogo. Siku hiyohiyo taarifa ikatoka, mechi imeahirishwa. Simba walikuwa wamesema usiku wa kuamkia siku ya mechi walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani kwa Mkapa, na kanuni inawapa haki hiyo wageni, kwa hiyo hawachezi. Bodi ya Ligi ikaahirisha. Yanga wakasema wao wapo tayari siku hiyo na wakaenda uwanjani, na kwamba hawataicheza siku nyingine yoyote. Mzee alisimama na kile kitambaa cha kufutia chaki mkononi. Hakufuta. Akaingia ndani, akaanza kutoa mabenchi moja moja.

Sitawaambia nani alikuwa na haki. Nimesoma hoja za pande zote na kila upande una watu wanaojua sheria kuliko mimi. Suala likafika hadi mahakama ya michezo ya kimataifa, CAS, likarudishwa nyumbani. Mimi napima bidhaa. Mechi namba 184, ndiyo dabi hii, iliyotangazwa kuchezwa Machi 8, ilikuja kuchezwa Juni 25. Nimehesabu kwenye kalenda: siku 109. Kabla ya hapo ilipangiwa Juni 15, ikasogezwa tena.

Mnaona tatizo? Msimamo wa ligi ukawa hausomeki. Huyu ana mechi nyingi, yule ana chache, na kila mtu anafanya hesabu za kiporo. Kila ushindi wa Yanga au Simba mwezi wa nne na wa tano ulikuja na maneno "ikiwa dabi itachezwa". Mechi nzuri zikachezwa kipindi hicho na hakuna aliyezizungumza, kwa sababu redio zote asubuhi mpaka jioni zilikuwa kwenye mechi ambayo haijachezwa. Ligi hii inauzwa kwa fedha nyingi. Haki za matangazo zilisainiwa mwaka 2021 na Azam Media, miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Udhamini wa benki ya NBC mwaka 2023 ukaongezwa kwa miaka mitano, bilioni 32.6. Picha ni nzuri, sauti ni nzuri, watangazaji wanajua Kiswahili chao. Bidhaa ya bei hiyo inapaswa kuwa na tarehe unayoweza kuiamini.

Ilipofika Juni 25, wengine wote wameshamaliza. Yanga 79, Simba 78. Simba wakishinda ni mabingwa, sare au ushindi Yanga ni mabingwa. Aziz Ki wa Yanga hayupo tena, ameshakwenda Wydad ya Morocco. Waamuzi wametoka Misri. Mzee wa kibanda safari hii hakuazima mabenchi, alisema atayaleta akiona mpira umewekwa katikati. Watu wakasimama, tukasimama dakika zote 90. Kipindi cha pili Pacôme Zouzoua wa Yanga akafunga kwa penalti, na dakika za mwisho Clement Mzize akaweka la pili. Kwenye daftari hapa nimeandika 2-0 na kalamu imepasua karatasi, kwa sababu nilikuwa naandikia gotini huku watu wananisukuma. Ilikuwa fainali ya kweli, kombe liko kwenye mechi ya mwisho kabisa ya msimu. Wapo wanaosema basi kuahirishwa kulileta utamu. Nakataa. Utamu uliletwa na pointi 79 na 78, na hizo zilitafutwa uwanjani.

Sasa Kagera Sugar. Tumeshuka daraja, sisi na KenGold. Sisingizii ratiba, tulishuka kwa kufungwa. Tumekaa Ligi Kuu kwa takriban miaka 20. Mei 2018 Simba walikuwa hawajafungwa msimu mzima, Rais Magufuli amekuja Uwanja wa Taifa kuwakabidhi kombe, na timu iliyowafunga siku hiyo mbele yake, 1-0, ni Kagera Sugar. Hilo nitawasimulia wajukuu. Msimu huu nilikaa Kaitaba, uwanja wetu wa Bukoba, nyasi bandia zile zinawaka jua, jukwaani tupo wachache kiasi kwamba unasikia kipa anavyompanga beki wake kwa jina. Na jioni ukiwasha redio usikie timu yako ikizungumzwa, unasikia mechi namba 184. Timu inakufa taratibu mkoani na hakuna dakika mbili za kuizungumzia. Hili ndilo lililoniuma, na ndilo lililonifanya nirekodi video hii.

Alama zangu, maana mtaniuliza kwenye simu. Mpira uwanjani, tisa kwa kumi. Matangazo, nane. Ratiba, tatu, na hiyo tatu ni kwa sababu mwisho wa yote mechi zote zilichezwa. Kama hukuangalia msimu huu na unataka kurudia mechi chache, tafuta Tabora United na Yanga ya Novemba, tafuta Simba na Al Masry hata kama si ya ligi, kisha dabi ya Juni yote, bila kuruka kipindi cha kwanza.

Nimeshanunua daftari jingine, hili hapa la jalada la kijani. Ukurasa wa kwanza nimeandika Kagera Sugar, Ligi ya Championship, daraja la chini ya Ligi Kuu, na nafasi 30 za matokeo ziko wazi. Mechi ya kwanza ya nyumbani nitakuwa Kaitaba, upande ule wa kivuli. Ukiniona, njoo ukae.