Simu ya bei ya juu, kioo kinachogeuka kijani usiku

Simu hii ni nzuri karibu kwa kila kitu, na ndiyo maana naumia. Kamera inatoa picha safi, betri inafika usiku, na hata juani kioo kinasomeka bila kukikinga kwa mkono. Ila mimi husoma kitandani, taa imezimwa na mwangaza nimeushusha, na hapo kioo hicho hicho kinakuwa kingine.

Nikifungua ukurasa wa kijivu kilichokoza, upande wa chini unaelekea kijani na wa juu unaelekea waridi. Katikati kuna mistari hafifu ya wima, ila jicho likishaikamata linaifuata kila mara. Kwenye filamu, matukio ya gizani yanajaa madoa, na kivuli kinachotakiwa kufifia taratibu kinakatika vipande vipande. Kinachonichosha zaidi ni hiki: nikigusa kioo ili nishuke kwenye ukurasa, rangi inaruka kidogo, nikitoa kidole, baada ya muda mfupi inarudi ilivyokuwa.

Kioo cha simu hii ni cha OLED, hakina taa ya nyuma kama vile vya aina ya LCD. Kila pikseli, yaani kila nukta ndogo ya picha, hujitolea mwanga wake, na ndiyo sababu weusi wake ni weusi kweli. Mwangaza ukishushwa sana, kila pikseli hupewa umeme kidogo mno, na tofauti ndogo kati ya transista (vifaa vidogo vinavyodhibiti umeme huo) moja na nyingine, ambazo mchana hazionekani, hujitokeza kama madoa na rangi zisizolingana. Kule kuruka kwa rangi ni jambo jingine. Simu inahama kati ya kuchora picha mara 60 kwa sekunde na mara 120, na kila kasi imerekebishiwa rangi zake; urekebishaji huo usipolingana kwenye mwangaza wa chini, mtu anauona kwa macho. Nilipoifunga simu kwenye 60 kupitia mipangilio, kuruka kulikoma. Madoa yalibaki. Kwa hiyo moja ni la programu na linaweza kutengenezwa kwa sasisho, lakini lile la pili limo ndani ya kioo chenyewe.

Huduma kwa wateja waliniomba niwatumie picha ya skrini. Haiwezi kuonyesha kitu! Picha ya skrini hunakili data inayopelekwa kwenye kioo, haipigi mwanga unaotoka humo, kwa hiyo kwao itaonekana safi kabisa. Niliwaeleza hivyo, nikawatumia picha niliyoipiga gizani kwa simu nyingine. Wakaniambia nizime na kuwasha, kisha niirudishe simu kama ilivyotoka kiwandani. Nilifanya yote, hakuna kilichobadilika.

Kwenye kituo cha matengenezo, fundi aliikagua chini ya taa kali, mwangaza ukiwa juu kabisa, akaandika kwamba kioo kiko ndani ya viwango. Nikamwomba tuzime taa na tushushe mwangaza. Akakubali, akaona, akasema kwa upole kwamba anakiona ninachokisema ila fomu yake haina sehemu ya kupima hilo. Simlaumu hata kidogo. Yeye ndiye aliyenisikiliza.

Viwango vipi? Niliuliza kwa maandishi, nikajibiwa kuwa ni vya ndani ya kampuni. Wakati wa kuuza, niti (kipimo cha mwangaza wa kioo) za mwangaza wa juu kabisa zinatangazwa kwa herufi kubwa. Kuhusu mwangaza wa chini, ambao watu wengi tunautumia kila usiku, hakuna hata neno moja. Kama kipo kiwango kinachoruhusu kioo kugeuka kijani gizani, mnunuzi ana haki ya kukijua kabla hajalipa.

Na kukiri kunawezekana. Mwaka 2017, malalamiko kuhusu kioo cha Pixel 2 XL, simu ya Google, yalipoenea, Google iliongeza dhamana hadi miaka 2. Agosti 2020, Apple ilipotoa iOS 13.6.1, sasisho la programu ya iPhone, iliandika wazi kwamba imeshughulikia kasoro iliyofanya baadhi ya vioo vionyeshe rangi ya kijani. Sentensi moja tu, lakini wenye simu walijua kwamba macho yao hayakuwadanganya.

Ukinunua simu ya aina hii, ikague mapema, muda wa kuirudisha ukiwa bado upo. Ingia chumba chenye giza, jaza kioo kizima kwa picha ya kijivu kilichokoza, shusha mwangaza karibu na mwisho. Zima kwanza ile hali ya usiku inayofanya rangi ziwe za manjano, maana inaficha kijani. Ukiona madoa, irudishe simu. Kubadilishiwa kioo peke yake kunaweza kukuletea kingine chenye madoa yake.

Kamera naipa tano kati ya tano, kioo mbili, huduma moja. Ombi langu bado liko mezani kwao: wanipe simu nyingine, au wanitumie hivyo viwango nivisome.