Mashine ya kukata nyasi ya biashara: kabla ya kununua, tazama sevisi yake

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni sana. Hii hapa ni mashine ya kukata nyasi ya kusukuma, ile ya kazi, yenye injini ya Honda GXV160, cc 163. Wengi mmeniuliza kama inakata vizuri. Inakata. Ila wewe unayeanza, nataka ujiulize kabla hujatoa pesa: nitaweza kuifanyia sevisi mwenyewe? Mashine inayoshinda juani kila siku huuawa mapema na vumbi na oili iliyochoka.

Tuanze na oili. Mashine iwe mahali tambarare, injini imezimwa. Nakitoa kijiti cha kupimia oili, nakifuta, nakirudisha bila kukikaza, nakitoa tena. Mnaona oili imefika alama ya juu? Fanya hivyo kila asubuhi. Mashine ikiwa mpya, mwaga oili ya kwanza na kuweka mpya baada ya saa 20 za kazi au mwezi mmoja, halafu kila saa 100 au miezi 6, kitakachotangulia. Hizo saa ziandike kwenye daftari, kichwa kitakudanganya.

Chujio la hewa lina sehemu mbili. Sponji unaiosha kwa maji vuguvugu na sabuni, unaiacha ikauke kabisa, unaichovya kwenye oili safi na kuikamua vizuri. Ya karatasi usiioshe wala usiipige brashi; igongegonge taratibu mahali pagumu, vumbi lidondoke. Kwa urahisi huu naipa alama zote.

Sasa kisu, na hapa naomba mnisikilize. Kwanza chomoa kofia ya plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha injini. Kisu hiki kimefungwa kwenye shafti ya injini, kwa hiyo ukikizungusha kwa mkono umeizungusha injini, na inaweza kuwaka vidole vikiwa ndani. Pili, ukiilaza mashine, upande wa chujio na kabureta utazame juu. Mimi niliwahi kuilaza vibaya. Oili ikalowanisha chujio lote, na kesho yake moshi mweupe ukanipotezea asubuhi nzima ya kazi.

Sogeeni karibu na kamera. Unyasi huu umekatwa na kisu butu: ncha imechanika nyuzinyuzi, na kesho itageuka kahawia. Huu wa pili umekatwa baada ya kunoa, ncha imenyooka. Mteja hataona kisu chako, ataona rangi ya uwanja wake.

Ukishanoa, kining'inize kwenye msumari kwa tundu la katikati. Upande ukishuka ndio mzito, endelea kuupunguza huo mpaka kisu kitulie sawa. Kisu kisicho na uwiano huitetemesha mashine na kuila shafti. Kukirudisha, mabawa yake, yaani zile sehemu zilizopinda, yaelekee juu, kwenye bodi.

Kasoro niliyoiona ni hii kona ya bodi karibu na mlango wa nyasi: nyembamba, majani mabichi yanaganda humo, na mkono wangu hauingii. Natumia kijiti cha mbao kila jioni kabla hayajakauka.

Plagi ni jambo dogo: isafishe, na pengo kati ya ncha zake, cheche inaporukia, liwe milimita 0.7 hadi 0.8.

Kwa anayeanza, mimi naipendekeza. Ila siku ya kuinunua chukua na plagi ya akiba, chujio moja na kisu cha pili, ili kimoja kikiwa kwenye tupa, kingine kiwe uwanjani.