Ziwa la mama au maziwa ya kopo?

Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI akijifungua Mombasa, swali la kunyonyesha humjia mapema.

Maziwa ya kopo hayana virusi kabisa. Lakini yataka pesa kila wiki, moto, na maji safi, na Kisauni au Likoni wengi wetu twanunua maji ya madumu kwenye mkokoteni, mengine ya kisima yenye chumvi. Kuhara humwua mtoto mchanga upesi. Tena kuna majirani: "Mbona humnyonyeshi?"

Kunyonyesha ndiko ninakokuunga mkono, kwa sharti moja kubwa: mama ameze ARV (dawa za kupunguza virusi) kila siku bila kuruka, virusi vyake vipimwe, na mtoto apewe dawa yake ya kumkinga na virusi, ile ya majimaji. Bila kinga yoyote, tangu mimba na kuzaliwa hadi kunyonya, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa. Kinga ikifuatwa, huwa chini ya 5. Miezi 6 ya kwanza ni ziwa tupu, hata maji asipewe. Kuchanganya na uji au kopo hukwaruza utumbo, virusi vikapata njia. Bibi akileta uji, mwambieni kwa upole: bado.

Mtoto hupimwa akiwa na wiki 6.