Akala za kwenda Namugongo: maoni ya mtu aliyetembea nazo kutoka Busia

Ninyi mnaojiandaa kwa hija ya Juni 3 ya Mashahidi wa Uganda, kule Namugongo karibu na Kampala, na mmeshaanza kutamani raba za maelfu, ngojeni kwanza niwaambie habari za akala, viatu vya tairi.

Zangu nilizinunua kwa fundi wa kando ya soko la Busia, upande wa Kenya, shilingi mia nne baada ya kuvutana kidogo. Sisemi zile za shanga wanazouziwa watalii. Hizi ni tairi tupu: soli nene, mikanda miwili inayopishana juu ya vidole, mmoja wa kisigino wenye matundu na pini ya chuma, na misumari midogo iliyokunjwa. Fundi alikuwa ameweka kando tairi moja lililoonekana zuri kuliko yote, nikamuuliza kulikoni. “Mama, hilo lina waya ndani,” akanijibu. “La nyuzi ndilo linakatika vizuri kwa kisu. La waya likilika litakudunga.” Kwa hiyo ukinunua, pitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa soli. Ukihisi ncha ya waya, rudisha.

Kutoka Busia hadi Namugongo ni karibu kilomita 200, nyingi zikiwa za lami: Bugiri, Iganga, Jinja, Lugazi, Mukono. Ratiba haibadiliki. Saa kumi alfajiri katekista anagonga mlango wa darasa mlimolala, mnatoka gizani rozari mkononi, chai mnakunywa jua likishapanda. Mnakazana mpaka joto liwashinde, mnajilaza chini ya mwembe wowote, saa tisa mnanyanyuka tena ili mfike parokia inayofuata kabla ya giza. Halafu foleni ya beseni: maji ya vuguvugu, chumvi, na kila mtu anakagua malengelenge ya mwenzake bila aibu.

Mapaja yanazoea haraka, hayo msiyahofie. Zinazogoma ni nyayo, tena asubuhi. Kutoka mkekani hadi mlangoni unakwenda kama bata, ukijiuliza ni nani aliyekutuma. Baada ya nusu saa barabarani maumivu yanapungua. Mchana usingizi unakunyemelea ukiwa unatembea, na wimbo wa kwaya unabaki wa watu wawili watatu.

Hapo ndipo akala zilipolipa pesa yangu. Mguu unaotembea kutwa unavimba. Ukiwa ndani ya raba, hauna pa kwenda. Kijana mmoja wa kwaya, mwenye raba za kupendeza kweli, aliingia Jinja kucha ya kidole gumba imekuwa nyeusi. Mimi nilikuwa nahamisha pini tundu moja kila jioni, basi. Changarawe ikiingia, unakung’uta mguu na kuendelea, wakati wenzako wameketi kando ya barabara wanahangaika na kamba. Na soli? Nimeitazama tena leo, mistari ya tairi bado inaonekana.

Sasa kasoro, maana zipo. Kwanza ni nzito, na uzito huo hauusikii dukani. Utausikia kwenye kile kilima cha baada ya chakula. Pili, mpira mweusi juu ya lami ya saa saba unachoma, hakuna namna ya kulipamba hilo. Tatu, mvua. Ilitukuta msitu wa Mabira, malori yanapita karibu, na mguu uliolowa ukawa unateleza juu ya mpira huku mkanda unakwangua ngozi kati ya vidole. Kilichoniokoa ni soksi za pamba. Soksi ndani ya akala zinachekesha, najua. Padre wetu alicheka sana. Kufika Lugazi akaniomba pea moja.

Msumari mmoja ulichomoka karibu na Namawojjolo, pale kwenye kuku wa vijiti na ndizi za gonja za kuchoma. Fundi wa viatu wa Mukono aliupiga upya kwa dakika chache. Raba ikiachia gundi njiani, nani atakushonea upesi hivyo?

Mzee wetu katekista yeye aliona hata akala ni starehe. Mashahidi, alisema, walitembezwa kutoka Munyonyo hadi Namugongo wakiwa wamefungwa, mwishoni mwa Mei 1886, na wengine waliuawa njiani kabla Karoli Lwanga na wenzake hawajachomwa moto Juni 3. Ni kweli. Lakini sioni malengelenge yangu yanamwongezea Mungu nini, na mzee mwenyewe nilimwona akinunua plasta Iganga.

Nazipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imebaki Mabira.

Ukienda kuagiza, nenda mwezi mmoja kabla, jioni, mguu ukiwa umechoka, na uvae soksi utakazosafiri nazo. Mwambie fundi aache nafasi ya kidole kimoja mbele na alainishe kingo za mikanda kwa kisu. Asipige misumari ya mwisho mpaka uzunguke soko zima nazo, na pesa umpe ukisharudi.