Mti gani upande kwenye ploti ndogo: mwongozo wa mnunuzi, Nakuru hadi Kisumu

Nyumba mpya ikikamilika Kiamunyi, Lanet, Mamboleo au Riat, pesa huwa zimeisha na ua umebaki mtupu: kabro mbele, tangi la maji ubavuni, shimo la maji taka nyuma, na vipande vichache vya udongo uliokandamizwa na lori za mchanga na kokoto. Mwenye nyumba anataka kivuli upesi. Anasimama kwenye nasari ya kando ya barabara, anachagua mche wenye majani yanayong'aa, analipa, anaupanda palipo wazi. Mche una futi mbili tu. Ugomvi wake na ukuta utaanza miaka kadhaa baadaye, na wakati huo gharama si ya mche tena, ni ya fundi.

Ploti nyingi za huku ni futi 50 kwa 100, nyingine ndogo zaidi. Ukitoa nyumba, maegesho na njia ya lori la kunyonya maji taka, mti unabakiwa na ukanda wa futi kumi, au kumi na tano na zaidi ukiwa na bahati. Kwa hiyo sipangi miti kwa uzuri wa maua. Naangalia kwanza utakuwa na kimo gani ukikomaa, halafu mizizi yake inakwenda wapi, halafu kama unapenda hewa ya mahali hapo. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu karibu 1,130. Mti unaozaa mpaka matawi yainame Kisumu unaweza kukaa Nakuru miaka na mikaka ukitoa majani matupu.

Wa kwanza: mlimau

Kama una nafasi ya mti mmoja tu, nunua mlimau uliopandikizwa, yaani kikonyo cha mti unaozaa vizuri kimeungwa kwenye shina la mche mwingine. Hauzidi sana mita tatu au nne, hauangushi majani yote kwa mkupuo, mizizi yake haina vita na msingi wa nyumba, na unastahimili Nakuru na Kisumu pia. Ukipandwa mita mbili kutoka ukutani unatosha. Mwaka wa pili au wa tatu unaanza kuzaa, na nyumba yenye mlimau hainunui ndimu ya samaki wala ya chai ya mafua.

Mchungwa ni ndugu yake, lakini nauweka nyuma. Sehemu za juu zenye baridi una ugonjwa wa kugeuza majani manjano na kuacha matunda madogo, machungu, ya kijani, na ukishaingia hauna dawa, mti hung'olewa. Mche wowote wa jamii hii wenye majani ya mabaka ya manjano yasiyolingana kushoto na kulia, urudishe hapo hapo.

Wa pili: mparachichi wa Hass kwa wa juu, mwembe kwa wa ziwani

Nafasi hii naigawa kwa sababu ya hewa. Nakuru, Kitale, na hata Kakamega, Hass iliyopandikizwa ni mti wa maana: huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, wakati parachichi la kokwa linaweza kukuweka zaidi ya miaka sita kabla ya kuona tunda, nawe hujui tunda litakuwa la aina gani. Ila usiuache urefuke utakavyo. Kata kilele ukifika mita moja na nusu, na kila baada ya mavuno punguza, ubaki mita nne. Upe mita tano kutoka kwa nyumba. Hass huzaa vizuri zaidi ikiwa karibu kuna parachichi la kundi jingine la maua (linalofungua maua kwa saa tofauti), kama Fuerte, kwa hiyo chungulia ua wa jirani kabla ya kudhani unahitaji miti miwili.

Kisumu, hasa Nyamasaria na upande wa Kano kwenye udongo mweusi unaotuamisha maji, mparachichi huoza mizizi na kufa umesimama. Hapo chukua mwembe uliopandikizwa, Apple au Tommy Atkins, na uupande juu ya tuta. Mwembe unapenda joto la ziwani, nao pia hukatwa ukabaki chini. Jiandae kwa nzi wa matunda: maembe yaliyoanguka yaokote kila siku uyazike kwa kina, usiyaache yakaoza chini ya mti.

Kwa miti hii miwili, pesa yako inapona au kupotea pale nasari. Mwulize muuzaji: "Mama, huu ni wa mbegu ama umepandikizwa?" Halafu usitosheke na jibu. Tafuta kovu la kupandikiza kwenye shina, kiganja kimoja au zaidi juu ya udongo. Liwe limefunga vizuri, shina la juu na la chini karibu unene mmoja, utepe wa plastiki umeshatolewa au unalegea. Kama shina ni laini kutoka chini hadi juu bila kovu lolote, huo ni wa mbegu, hata uwe na kibandiko kilichoandikwa Hass. Kisha geuza mfuko uangalie chini. Mizizi minene iliyotoboa plastiki na kuingia ardhini maana yake mche umekaa pale muda mrefu, na kuung'oa kumekata nusu ya mizizi. Mizizi iliyojizungusha ndani ya mfuko itaendelea kujizungusha hata ukishaupanda, na mti wa namna hiyo huangushwa na upepo ukiwa tayari unazaa. Mche mfupi, mnene, wa miezi michache ni bora kuliko mrefu uliochoka. Mfupi huwa pia wa bei nafuu. Ukishapanda, machipukizi yote yanayotoka chini ya kovu yaondoe. Hayo si Hass wala Apple, ni shina la chini linalotaka kuchukua mti.

Wa tatu: siala

Wajaluo wanauita siala, Waluhya lusiola, na watu wa mimea Markhamia lutea. Ni mti wa kwetu, unapanda juu kuliko kutanuka, unatoa maua ya manjano yanayoita nyuki, na ukiukata unachipua tena. Nasikitika kuona nasari zinaujaza nyuma huku miti ya kigeni ikiwekwa mbele barabarani. Kwa kivuli cha kona ya nyuma, mita tano kutoka nyumbani, sijaona wa kuushinda. Unaweza kufika mita kumi na zaidi, kwa hiyo chini ya nyaya za stima usiuweke. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, wana vituo Londiani na Maseno. Ni mahali pazuri pa kuulizia miche ya miti ya kienyeji.

Anayetaka kitu kidogo zaidi cha urembo achukue botobrashi, ule wa maua mekundu kama brashi ya kuoshea chupa. Unavumilia udongo wenye maji na ndege wa chozi hawabanduki hapo.

Mpera unafuata, rahisi na mkarimu, hasa Magharibi. Matunda damu yanafaa Nakuru kwa mwenye haraka: mwaka mmoja na nusu unakula, lakini baada ya miaka michache mti umechoka na unahitaji mwingine.

Ashoki, ule mrefu mwembamba unaouona Milimani ya Kisumu, hauna kosa kando ya ukuta kama unataka kujificha na ghorofa ya jirani. Terminalia ndiyo inayouzwa sana sasa kwa vile matawi yake hukaa kwa ngazi. Nzuri, lakini inatanuka mno. Kwenye ploti ya futi 50 naiona ni ya nje ya geti, si ya ndani.

Ya kuacha nasari

Fikasi ndiyo mbaya kuliko yote, na ndiyo inayonunuliwa kwa wingi kwa sababu inakatika vizuri kuwa uzio. Mizizi yake hufuata unyevu: inainua kabro, inaingia kwenye viungo vya mabomba, inatafuta shimo la maji taka. Kwenye udongo mweusi madhara yanazidi. Udongo ule huvimba wakati wa mvua na kusinyaa Januari na Februari. Mti mkubwa ukinyonya maji karibu na msingi, udongo unasinyaa upande mmoja, na utaona ufa wa mshazari ukianzia kwenye pembe ya dirisha. Kwa sababu hiyo hiyo acha mkaratusi. Jakaranda, Nandi flame na grevilia ni miti mizuri ya shamba na barabara, si ya ua huu. Na penye watoto usipande thevetia ya maua ya manjano. Mbegu zake ni sumu ya moyo.

Miche ya bure nayo ichunguze. Tarehe 13 Novemba 2023 ilipofanywa sikukuu ya kupanda miti, mingi iliyogawiwa ilikuwa ya msituni, na mti wa msitu haupungui kimo kwa sababu umeupata bila pesa.

Upande mwanzo wa mvua, Machi au Aprili. Chimba futi mbili kwa mbili, kwenda chini futi mbili, na utoe mabaki yote ya saruji, kokoto na mifuko waliyoifukia mafundi; mche ukifa katika nyumba mpya, mara nyingi chanzo kiko humo. Rudisha udongo wa juu uliochanganywa na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Kovu libaki juu ya ardhi. Weka matandazo, lakini yasiguse shina: Nyanza na Magharibi mchwa huingia kwenye nyasi kavu kwanza, kisha wanapanda gome.