TAHADHARI: Fundi wa magitaa wa "mbao imelala", Dodoma na wilaya zake

Wapigaji, viongozi wa kwaya na wenye bendi za maharusi hapa Dodoma, someni hii kabla hamjamkabidhi mtu gitaa lenu. Kuna jamaa anapita makanisani na kwenye kumbi za mazoezi, anajitambulisha kuwa fundi wa vyombo vya muziki kutoka Dar. Kizota ameshapita, Nkuhungu na Chang'ombe ameshapita, na sasa naambiwa kaonekana Kongwa. Jina lake siliandiki kwa sababu analo zaidi ya moja: linalotokea kwenye muamala wa simu silo analowatajia watu.

Mchezo wake uko hivi. Anafika siku ya mazoezi, mpole, kila mtu anamwita mtumishi. Anakaa nyuma, anasikiliza nyimbo mbili tatu, kisha anamvuta mwenyekiti pembeni. "Mzee, gitaa lenu la solo halilii. Mbao imelala." Anaeleza kwamba hewa ya Dodoma ni kavu, mbao imekauka kupita kiasi na haipokei tena mtetemo, kwa hiyo dawa yake ni kubadilisha pikapu, zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, aweke za Marekani. Anaanzia laki tatu na nusu. Mkibembeleza anashuka hadi laki mbili na themanini, nusu mnatuma kwenye simu pamoja na ya kutolea, na gitaa anaondoka nalo.

Watu wanamwamini kwa sababu mara nyingi gitaa lina ugonjwa kweli. La kwetu ni la Kijapani, la zamani, na lilikuwa limefubaa hasa. Nyuzi nene zilisikika kwa mbali kama mtu anayeongea chumba cha pili, zile mbili nyembamba zikapiga kelele peke yake. Mimi sikuwepo siku aliyokuja, nilikuwa safarini. Niliporudi nikaambiwa gitaa limetengenezwa na sasa ni bovu zaidi.

Nikaangalia nyuzi kwanza. Rangi ya dhahabu! Hizo ni nyuzi za gitaa kavu, lile lisilotumia umeme. Zimezungushiwa waya wa shaba iliyochanganywa na bati au zinki, na sumaku haiishiki shaba. Pikapu haisikilizi hewa kama maikrofoni. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara (hiyo ndiyo koili), na uzi wa chuma ukitikisika juu yake unaamsha umeme mdogo, ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Uzi wa shaba una chuma kidogo tu katikati, kwa hiyo unachoamsha ni kidogo. Ukitaka kuzitambua haraka, hesabu: seti ya kawaida ya umeme ina nyuzi tatu zilizozungushiwa waya na tatu tupu, ya gitaa kavu ina nne zilizozungushiwa na mbili tupu. Seti sahihi haifiki hata sehemu ya kumi ya laki tatu na nusu. Fundi wa kweli angeliona hilo akiwa bado mlangoni. Huyu alizifungua nyuzi hizo, akafanya alichofanya, akazifunga zilezile.

Sasa alichofanya. Tukakomoa bamba jeupe la mbele. Bahati nzuri mpigaji wetu wa besi aliwahi kulifungua kufuta vumbi na kulipiga picha, na picha bado iko kwenye simu yake. Kwenye picha, kila pikapu ina vijiti sita vya sumaku vinavyopenya kutoka juu hadi mgongoni, na waya zake zimevaa kitambaa. Tulichokikuta ni vyuma vifupi sita na, chini yake, mche mmoja wa sumaku ya kijivu uliobandikwa kwa gundi, waya za plastiki nyekundu na nyeupe, na matone ya risasi mapya yaliyochomelewa ovyo. Vifuniko vya juu ni vyetu vilevile, hata mkwaruzo wa zamani upo. Yaani amechukua za ndani, akaweka za bei rahisi, akarudisha kifuniko ili jicho lisione tofauti. Isitoshe moja ameiunga kinyume: ukiweka swichi pikapu mbili zilie pamoja, sauti inakonda, besi yote inapotea, kwa sababu zinafutana.

Bendi moja ya Makole wamenionyesha la kwao, hadithi ni ileile. Wao hata hela ya pili hawakuikataa, walimalizia yote papo hapo, kwa sababu alipolirudisha alilijaribu kwenye amplifaya yake mwenyewe, ndogo, iliyofunguliwa mwangwi karibu wote. Chombo chochote kikipita humo kitalia vizuri. Na yule dada wao wa kinanda ana jicho: siku ya kwanza, wakati jamaa anawaonyesha ubovu, alimwona anazungusha kitufe cha toni kwa kidole kidogo huku anapiga. Ukikifunga kile kitufe, sauti kali zote zinamwagwa na gitaa linabaki linaguna. Mkononi mwake hata gitaa zima linakuwa na mbao iliyolala.

Kuhusu ukavu, asiwatishe. Dodoma mvua zetu ni kama Desemba hadi Aprili, baada ya hapo ni vumbi na upepo, na kweli mbao inasinyaa. Utaona ncha za freti, vile vyuma vilivyokingama shingoni, zinachoma kiganja, shingo inaweza kupinda kidogo, nyuzi zikawa juu au zikagonga freti. Hayo yanarekebishwa kwa kukaza au kulegeza ile nondo ya ndani ya shingo na kupitisha tupa laini. Sumaku haihusiki na kiangazi.

Mtu akikwambia gitaa lako halina mwitikio, lichomoe kwenye umeme ulipige likiwa kavu, sikio karibu na mbao. Likilia vizuri na kwa muda mrefu likiwa limechomolewa, halafu likichomekwa linakufa, tatizo liko kwenye pikapu, vitufe, waya au tundu la jeki. Likiwa limekufa hata likiwa limechomolewa, pikapu za Marekani, za Japani au za mbinguni hazitasaidia. Tazama nyuzi kama zimeota kutu, skrubu za shingo kama zimelegea, na kile kipande pale kichwani nyuzi zinapopita kama kimechimbika. Jingine linalosahaulika ni kimo cha pikapu. Zikiwa juu sana sumaku inauvuta uzi, sauti inakatika mapema na inayumbayumba. Zikiwa chini sana gitaa linanong'ona. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, uache kama milimita mbili hadi tatu kati ya uzi na pikapu, kisha sikiliza kwa masikio yako.

Na kabla gitaa halijatoka mikononi mwenu kwenda kwa fundi yeyote, hata huyo mnayemwamini, lipimeni. Chomeka waya kwenye gitaa, fungua volyumu na toni hadi mwisho, weka mita ya fundi umeme kwenye upande wa ohomu, mguu mmoja kwenye ncha ya jeki ya upande wa pili wa waya na mwingine kwenye shina lake. Pikapu ya koili moja kwa kawaida inasoma kati ya kilo-ohomu tano na saba hivi, ya koili mbili saba hadi tisa na kuendelea. Ikisoma sifuri kuna waya umegusana, isiposoma kabisa au ikiruka hadi mamia ya kilo-ohomu kuna mahali pamekatika. Pima kila pikapu kwa swichi yake, andika namba, piga picha za mgongo wake. Likirudi, pima tena mbele yake, kwenye amplifaya yenu, kabla hamjamalizia hela.

Pia anauza magitaa kwenye status, yamebandikwa kichwani jina la Fender, kampuni maarufu ya magitaa ya Marekani, laki nane na nusu. Moja nililolishika, kucha tu ilitosha kulinyanyua jina.

Sisi tumeshafungua jalada polisi na RB, ile namba ya taarifa, tunayo. Namba aliyopokelea hela tumeituma TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa ujumbe wa 15040, nanyi mliomtumia fanyeni hivyohivyo, bure tu. Kwa bidhaa yenye jina la kubandika, wanaohusika na bidhaa bandia ni Tume ya Ushindani, FCC. Msimpige wala msimwitie watu. Mkimpata muulizeni maswali ya mita, mcheleweshe kwa soda, mwite mjumbe na polisi.

Na kama gitaa lenu limeshapitia kwake, fungueni bamba mpige picha za mgongo wa pikapu mnitumie inbox. Nataka kuzilinganisha na picha yetu, maana hizo zetu za vijiti sita lazima ziko kwenye gitaa la mtu humuhumu mkoani.